Kaa, fuko na chatu: nembo ipi ya kompyuta unaruhusiwa kuichezea?

Msikilizaji wetu, zamani misafara iliyopita Tabora, ikitoka pwani kwenda Ujiji, ilitanguliwa na kirangozi akiwa na bendera. Waliokuwa kando ya njia waliitazama wapate kujua ni msafara wa nani.

Waandishi wa programu za simu na kompyuta nao wana bendera zao, yaani nembo. Programu huandikwa kwa lugha maalumu, kama Go, Rust na Python. Kila lugha ina watu wake, na watu hao wanapenda utani: nembo moja utaikuta imevalishwa kofia, imepandishwa baiskeli au imepakwa rangi za taifa fulani.

Sasa tuseme kijana wa Kanyenye amekopa kwenye kikundi ili achapishe fulana za namna hiyo na kuziuza. Je, ataingia matatani? Inategemea nembo aliyochagua.

Lugha ya Go ina kikaragosi cha mnyama wa Marekani anayechimba mashimo, mfano wa fuko anayetuharibia viazi shambani. Alichorwa na Renée French. Leseni yake inaruhusu kumchora upya, hata kwa biashara, ilimradi umtaje mchoraji.

Rust ina alama mbili. Nembo rasmi ni herufi R ndani ya gurudumu lenye meno, na hiyo inalindwa. Pembeni yuko kaa mwekundu aitwaye Ferris, aliyechorwa na Karen Rustad Tölva, ambaye aliachia umma mchoro wake. Huyo kaa si nembo rasmi, kwa hiyo mvalishe hata kanga ukipenda.

Python ni tofauti. Nembo yake ya nyoka wawili, wa bluu na wa njano, inalindwa na taasisi ya Python Software Foundation. Ukitaka kuigeuza, au kuiweka kwenye fulana za biashara, omba ruhusa kwanza.

Kwa nini wenyewe wawe wakali hivyo? Fikiria mfuko wa mbegu. Huwezi kuona ndani ya punje, kwa hiyo unaamini alama iliyo juu yake. Kila mtu akiigeuza apendavyo, mkulima atashindwa kutambua halisi na bandia. Programu nayo ni hivyohivyo: wengi wetu hatuoni kilichomo ndani.

Kwa hiyo kijana, kabla hujalipa mchapaji, jiulize: nani alichora? Leseni inasemaje? Je, mnunuzi atadhani bidhaa imetoka kwa wenye nembo? Usipopata majibu, chora ya kwako. Na ikiwa utaitumia kibiashara, alama yako unaweza kuisajili BRELA, ili nawe ulindwe.