Falanga: Neno la Sokoni na Sarafu ya Dhahabu

Katika mtaa wa Kilibula mjini Uvira, fedha huitwa falanga. Wengine hutamka franga. Msemaji wa Kiswahili cha pwani ya Bahari ya Hindi alisikiapo neno hili huenda akafikiria vifaranga vya kuku, lakini hapana uhusiano wowote.

Asili yake ni franc, sarafu ya dhahabu iliyoanza kupigwa nchini Ufaransa mwaka 1360. Mfalme Jean wa Pili alikuwa ametekwa na Waingereza katika vita vya Poitiers mwaka 1356, na fidia yake ikawekwa kuwa sarafu milioni 3 za dhahabu. Sarafu mpya, yenye uzito wa karibu gramu 3.9, ilimwonyesha mfalme juu ya farasi, upanga mkononi. Husimuliwa kwamba iliitwa franc kwa sababu neno hilo lina maana ya "huru", mfalme akiwa amekombolewa. Masimulizi hayo yanavutia, ila maandishi ya Kilatini yaliyoizunguka, Francorum Rex, yaani mfalme wa Wafaranki, yanatosha kulieleza jina hilo. Picha ya mpanda farasi ilipendwa na watawala wengine: mwaka 1434 Philippe Mwema, mtemi wa Brabant, alitoa sarafu yake ya dhahabu yenye picha ya namna hiyo.

Sehemu kubwa ya Brabant imo katika Ubelgiji ya leo, nchi iliyochukua franc kuwa sarafu yake mwaka 1832. Leopold wa Pili, aliyeitwa Mtemi wa Brabant kabla ya kurithi ufalme mwaka 1865, ndiye aliyeiwekea Dola Huru ya Kongo franc mwaka 1887. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, biashara ya ziwani ilikuwa ya shanga na nguo.

Neno lilipoingia katika Kiswahili, konsonanti mbili za mwanzo zilitenganishwa kwa irabu, r ikawa l, na sauti ya puani ya Kifaransa ikatua kwenye -nga.

Sarafu yenyewe haikudumu kama jina lake. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilibadilisha franc 1,000 kwa zaire 1. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1, na mwaka 1998, franc iliporudi, zaire mpya 100,000 zikawa franc 1. Aliyekuwa ameweka akiba ya noti tangu 1967 angehitaji franc trilioni 300 za kale ili apate moja ya mwaka 1998. Dhahabu ya mfalme Jean ilikwisha sahauliwa zamani.

Hata hivyo, jina halikutoweka katika mwambao huo, kwani ng'ambo ya mto Ruzizi Burundi imekuwa na franc yake tangu 1964. Kwa hiyo falanga inaweza kuwa sarafu ya nchi mbili, na anayeulizwa bei hulazimika kufafanua: za Kongo au za Burundi.