Kitabu Kama Zawadi ya Siku ya Kuzaliwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita niliishia pale mzazi alipokwisha kuamua: badala ya mwanawe kuletewa toi la kumi, waalikwa wataombwa wachangie vitabu vya maktaba ya shule. Swali linalofuata ndilo zito. Vitabu gani?

Nauliza kwa sababu nimeliona kabati la shule moja ya msingi, limejaa vitabu vya msaada visivyoguswa. Vilikuja kwa kontena, vyote vya Kiingereza, vingine vya sheria na uhasibu. Hatua chache kutoka kabatini, watoto wanaojifunza kusoma kwa Kiswahili walikuwa wanne kwa kitabu kimoja. Iliniuma. Aliyevituma alikuwa na nia njema, ila mwalimu hakuulizwa.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1954 Lady Ranfurly, mke wa gavana wa Bahamas, aliona shule za visiwani hazina vitabu, akawaomba marafiki zake Uingereza wamtumie walivyokwisha kusoma. Kazi hiyo ilikua ikafika Afrika, na tangu 1994 shirika lake linaitwa Book Aid International. Siku hizi hutuma vitabu vipya, vinavyotolewa na wachapishaji. Kutoka kitabu kilichomchosha mwenyewe hadi kitabu kipya ni mwendo mrefu, nasi hatuna haja ya kuuanza upya.

Hapa Tanzania tulipata njia ninayoiona bora zaidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991, ulinunua kutoka kwa wachapishaji wa humu nchini nakala nyingi za hadithi za Kiswahili na kuzigawa shuleni. Fedha ileile ikazaa mara mbili: mtoto akapata cha kusoma, na mwandishi na mchapishaji wakapata nguvu ya kutoa kingine. Kontena la bure haliwezi hayo. Likizidi, huwanyima soko haohao tunaowategemea waandike kwa lugha ya watoto wetu.

Basi mzazi aanzie kwa mwalimu, kabla ya duka. Amuulize wanafunzi wa darasa lipi wanahangaika kusoma. Kisha, mtoto akitimiza miaka saba, zinunuliwe nakala saba za hadithi moja, yenye herufi kubwa na picha zinazoeleza, kuliko vitabu saba vya aina saba. Mwalimu anaposoma kwa sauti, kila mtoto kikundini anafuatisha mstari kwa kidole chake mwenyewe. Nakala ziandikwe kwenye daftari la maktaba, zigongwe muhuri, majalada yafunikwe nailoni. Na mwalimu aambiwe waziwazi kwamba kitabu kikichanika kwa kusomwa hatadaiwa. Asipoambiwa hivyo, atavifungia kwa kufuli, naye simlaumu.

Mwenye siku yake asinyimwe furaha. Keki iwepo, na hadithi aichague yeye. Inunuliwe pia nakala ya nane, ibaki nyumbani, aisome wiki ileile ambayo watoto asiowajua wanaisoma hadithi hiyohiyo.

Juma lijalo: gundi, uzi na kitambaa, au jinsi ya kushona kitabu kilichoachia kurasa.