Mivukuto Iliyohema Tena Buhaya

Umepata kuisikia mivukuto ya wafua chuma ikihema? Katika Buhaya, mkoa wa Kagera wa leo, sauti hiyo ilikuwa imenyamaza tangu majembe ya Ulaya yalipotawala masoko. Mwaka 1976 wazee waliojifunza kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya, mbele ya mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt. Mivukuto ikadunda, makaa yakang'aa, chuma kikapatikana. Kumbukumbu zao ndizo zilizokuwa kitabu. Matanuri yaliyofukuliwa huko yana umri wa miaka 1,500 na zaidi. Je, mzee wa nyumbani kwako anajua kazi gani? Muulize leo, angali hai.