Mwalimu kasema iwe siri!

Jamani, leo sina utani. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, aligoma kwenda tuisheni. Nikamfokea: "Hebu kavae! Watu wanatoa hela, wewe unaleta uvivu?" Mwalimu mwenyewe mpole, mtu wa watu, mtaa mzima unampa shikamoo. Bibi yake akadakia, eti mwalimu ni mzazi.

Jioni mtoto akanifuata kibarazani, macho chini. "Anko, wenzangu wakiondoka ananiambia nibaki. Ananishikashika. Halafu ananipa hela ya barafu, anasema ni siri yetu."

Nguvu zikaniishia. Hela ya barafu! Na mimi ndiye niliyekuwa namsukuma aende.

Kikao cha familia kikakaa usiku huohuo. Wazee wanataka yaishe kinyumbani, mtoto asije akaharibiwa jina. Nikakataa katakata. Asubuhi, mimi na dada tukampeleka dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Askari wa kike akamsikiliza taratibu, bila kumkatiza.

Nilikuwa na hofu moja: shahidi tutamtoa wapi? Kumbe tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, maneno ya mtoto peke yake yanaweza kumtia mtu hatiani, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli. Halafu kwenye ubakaji, sheria hiyohiyo imewataja kabisa wenye madaraka, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wanaotumia nafasi zao. Waliotunga hawakuwa watoto wa jana.

Nawe kaka unayesema mambo haya ni ya mabinti, sikia. Utafiti uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mdogo wako akikwambia kitu, usimkate kauli. Simu ya watoto ni 116, hulipi kitu.

Kwa sasa faili liko polisi. Bibi bado kaninunia, anasema nimemwaibisha mwalimu wa watu. Hesabu tunafanya wenyewe mezani, mimi na mpwa wangu. Juzi tumefika kwenye sehemu, akanisahihisha mara mbili, akacheka.