Njia Kabla ya Vifaa: Upangaji wa Miundombinu ya Mtandao na Teknolojia Janja katika Majengo ya Fleti Jijini Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kupanga miundombinu ya mtandao na teknolojia janja katika jengo la fleti, kwa kurejelea mazingira ya jiji la Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba ujanja wa jengo hautokani na wingi wa vifaa vilivyofungwa. Unatokana na maamuzi manne yanayopaswa kufanywa kabla zege halijamwagwa, yaani njia za nyaya, mgawanyo wa kasi, umeme wa akiba na umiliki wa mali ya pamoja.

1.0 Utangulizi

Katika maeneo kama Upanga, Kariakoo na Kinondoni, nyumba nyingi za chini zimepisha majengo ya ghorofa. Mkazi wa fleti hutarajia intaneti kama anavyotarajia maji na umeme. Hata hivyo, mara nyingi mtandao hufikiriwa baada ya kuta kupakwa rangi. Matokeo yake ni nyaya zinazoning'inia ngazini, kuta zinazotobolewa upya na wakazi wanaolazimika kutumia kampuni moja tu kwa sababu ndiyo iliyotangulia kuingia.

Katika makala hii, teknolojia janja ina maana ya mifumo inayopokea taarifa za mazingira yake kupitia vihisi, kisha ikachukua hatua au kumjulisha mhusika. Kihisi kinachopima kina cha maji tangini na kuwasha pampu ni mfano mmoja. Kamera za usalama na kufuli za umeme ni mifano mingine. Ili kurahisisha ufafanuzi, tutatumia jengo la kudhaniwa lenye ghorofa 10 na fleti 4 katika kila ghorofa, yaani fleti 40.

2.0 Njia za Nyaya

Jengo hudumu kwa miongo mingi, ilhali ruta hubadilishwa baada ya miaka michache. Kwa hiyo, kinachostahili kupangwa kwa umakini zaidi ni kile kisichobadilishika kwa urahisi. Mambo matatu ni ya msingi: chumba cha mitambo chenye hewa ya kutosha na kisichofikiwa na maji ya mvua, mfereji wima unaopita ghorofa zote, uliotenganishwa na nyaya za umeme, na mabomba matupu kutoka mfereji huo hadi ndani ya kila fleti. Mabomba ya akiba yakiwekwa wakati wa ujenzi, gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kutoboa zege baadaye.

Kebo ya shaba ya mtandao ina ukomo wa mita 100, ambapo kwa kawaida mita 90 ni za kebo iliyofungwa jengoni na mita 10 ni za kebo fupi za kuunganishia vifaa. Ikiwa kila ghorofa ina kimo cha mita 3, mfereji wetu una takriban mita 30. Tukiongeza mita 25 za mlalo, fleti ya mbali zaidi iko mita 55 kutoka chumba cha mitambo. Umbali huo uko ndani ya ukomo. Pamoja na hayo, inashauriwa faiba itumike kwenye mfereji wima na shaba itumike ndani ya fleti, kwa kuwa faiba ni nyembamba na huruhusu kasi kuongezwa kwa kubadilisha vifaa vya mwisho pekee. Kwa kibanda cha mlinzi kilicho nje ya jengo, faiba ina faida nyingine: haipitishi umeme, hivyo radi haiwezi kusafiri ndani yake hadi kwenye mitambo.

3.0 Mgawanyo wa Kasi na Mawimbi

Mfumo wa faiba wa aina ya GPON hupeleka takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa watumiaji wote wa mkondo mmoja. Mkondo ukigawanywa kwa fleti 32 zinazotumia mtandao kwa wakati mmoja, kila fleti hupata takriban megabiti 78. Kwa kuwa jengo letu lina fleti 40, ni busara kuweka mikondo miwili ya fleti 20 kila mmoja. Hapo kila fleti hupata takriban megabiti 124 hata katika saa za msongamano mkubwa kabisa.

Tatizo jingine ni mawimbi. Katika masafa ya GHz 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana. Ruta 40 katika jengo moja zitagombania njia hizo, na mkazi atailaumu kampuni ya intaneti ilhali chanzo ni majirani zake. Masafa ya GHz 5 yana njia nyingi zaidi, lakini hudhoofika haraka yanapokutana na kuta za zege. Suluhisho ni kuweka tundu la mtandao katikati ya fleti, na vilevile vifaa visivyohama, kama vile televisheni, viunganishwe kwa waya.

4.0 Umeme wa Akiba na Kujitegemea kwa Mifumo

Mfumo janja unaozimika umeme unapokatika huwaacha wakazi bila ulinzi wakati wanapouhitaji zaidi. Tuchukue kamera 8 zinazolishwa umeme kupitia kebo ya mtandao, kila moja ikitengewa wati 15.4; jumla ni takriban wati 123. Tukikadiria wati 77 kwa swichi, ruta na kinasa picha, mzigo ni wati 200. Kwa saa 4 zinahitajika wati-saa 800. Betri moja ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumika zaidi ya nusu yake. Hivyo basi, zinahitajika betri mbili, na upotevu wa umeme katika kigeuzi nao uzingatiwe.

Aidha, mifumo ya msingi isitegemee intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliathiri intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Pampu inayosubiri amri kutoka seva ya ng'ambo ingesimama siku hiyo ingawa maji na umeme vipo. Kwa upande wa milango ya kutokea wakati wa dharura, kufuli ziwe za aina inayofunguka umeme unapokosekana, ili moto ukizuka mtu asifungiwe ndani.

5.0 Umiliki na Faragha

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo humwezesha mtu kumiliki fleti yake huku maeneo ya pamoja yakimilikiwa na wote. Swali linalofuata ni hili: mfereji na faiba iliyomo ni mali ya nani? Ikiwa faiba ni ya kampuni moja ya mawasiliano, mkazi amepoteza uhuru wa kuchagua kabla hata hajahamia. Kwa hiyo, njia na faiba ya ndani ziwe mali ya pamoja, na kila kampuni iunganishe huduma yake katika chumba cha mitambo.

Vilevile, picha za kamera na kumbukumbu za milango ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Hivyo, mpango wa jengo utaje nani anaruhusiwa kuona picha, zitahifadhiwa kwa siku ngapi, na mtandao wa kamera utatenganishwa vipi na ule wa wakazi. Anayejua saa za jirani kutoka na kurudi ameshika ufunguo wa namna yake.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa vifaa janja ni hatua ya mwisho ya mpango. Mchoro wa mtandao unapaswa kuwekwa mezani pamoja na michoro ya maji na umeme, huku mhandisi, msanifu majengo na wawakilishi wa wamiliki wakiujadili kwa pamoja. Jengo lenye mabomba matupu na mkataba ulio wazi linaweza kupokea teknolojia yoyote ijayo. Lisilo navyo, hata likijazwa vifaa leo, wakazi wake watalipia kosa hilo kila kifaa kitakapopitwa na wakati.