Samadi Yasafisha Udongo Ulioharibiwa na Baruti

Mama achotaye maji kisimani huyatazama rangi, huyanusa, na akiyatilia shaka huyachemsha. Katika mji wa Grand Island, jimbo la Nebraska nchini Marekani, hekima hiyo haikufaa kitu. Kiwanda cha mabomu kilichojengwa karibu na mji huo mwaka 1942 kilimwaga maji ya kuoshea vumbi la baruti katika mashimo ya ardhini, na baruti iitwayo RDX ikasafiri chini kwa chini hata kuvifikia visima vya majirani. RDX ikiwa katika maji haionekani, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikizidi mwilini huleta degedege, tena inashukiwa kuleta saratani. Katika miaka ya 1980 nyumba hizo zilipelekewa maji ya bomba la mji, na udongo wa mashimo ukachomwa katika tanuru. Dawa hiyo ni ya gharama kubwa, na udongo utokao humo huwa mfu.

Ghala la jeshi la Umatilla, jimboni Oregon, lilipatwa na balaa kama hilo. Tangu miaka ya 1950 hadi 1965 baruti ilioshwa kutoka katika mabomu, na maji yake, lita zaidi ya milioni 300, yakamwagwa katika vidimbwi viwili. Katika miaka ya 1990 udongo wa vidimbwi ulichanganywa na samadi ya ng'ombe, mavi ya kuku, unga wa mbao, majani ya malisho na mabaki ya viazi, ambavyo hulimwa kwa wingi upande huo. Kwa kweli ni mboji ile ile ya mkulima, ila hii hupinduliwa kwa mashine. Vijidudu vikishiba hupandisha joto kupita nyuzi 50 za sentigredi, na huku vikila huigeuza baruti pia. Katika jaribio moja, siku 40 zilipunguza TNT kwa zaidi ya asilimia 99.

Maji ndiyo yenye ukaidi. TNT hunata udongoni, lakini RDX hukimbia na maji. Mwaka 1997 Umatilla ilianza kuyavuta kwa pampu, kuyapitisha katika mkaa maalumu unaonasa baruti, kisha kuyarudisha ardhini. Baadaye wataalamu walijaribu kuteremsha vijidudu pamoja na sukari ya matunda ndani ya visima, ili viile RDX huko huko chini.