Fahamu: Nyani wa Gilgil akirogwa awe mkubwa, atafika kilo ngapi?

Nyani wa Kekopey, Gilgil, ambao mtafiti Shirley Strum aliwachunguza kabla ya makundi yao kuhamishiwa Laikipia mwaka 1984, wanafaa sana kueleza kanuni za uchawi katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani mwaka 1974.

Kanuni za 2014 humweka nyani katika kundi la viumbe wadogo, tembo kati ya wakubwa mno. Uchawi wa kukuza huongeza urefu, upana na unene maradufu. Uzito hupanda mara nane. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa! Dume wa kilo 25 hufika 200.

Uchawi wa kuelea una kikomo cha pauni 500, yaani kilo 227 hivi. Bado ungemwinua dume huyo aliyekuzwa. Nyati wa hifadhi ya Soysambu, kwa uzito wake, asingebanduka ardhini.